Bibi Harusi wa Ambulensi

Wiki ile hapakuwa na mtu mwenye raha katika Mji wa Kale kumshinda Sheikhan, muuza leso wa Biashara Street, na hapakuwa na mtu mwenye hofu kumshinda yeye huyo huyo. Raha yake kila mtu aliijua. Alikuwa ndani ya fungate na Mejumaa, mwanamke aliyemtaka miaka miwili mpaka mashati yakampwaya. Chanzo cha hofu yake walikijua watu wawili tu, yeye na mamake, Bi Maisara. Ili Bi Maisara aikubali ndoa ile, Sheikhan alikuwa amempa ahadi: fungate ikiisha, Mejumaa ataacha kazi. Na Mejumaa mwenyewe hakuwa na habari.

Kazi gani hiyo hata mama wa watu akose usingizi? Mejumaa alikuwa mhudumu wa ambulensi. Magari yakigongana, ukuta ukiporomoka, mzee akiteleza chooni, simu hupigwa na yeye huruka garini na mkoba wake mgongoni, iwe adhuhuri, iwe alfajiri, iwe sikukuu na pilau liko mezani. Huko ndiko Sheikhan alikompatia. Mwezi wa Ramadhani mmoja, jua kali, mteja alizirai dukani kwake katikati ya majora ya leso. Wanaume wa mtaa walijaa mlangoni kutoa ushauri, kila mmoja daktari. Mejumaa akaingia, akawapasua katikati, akapiga magoti, akamtia mgonjwa dripu, kisha akainua macho na kumwonyesha Sheikhan kidole.

"Weye wa kofia! Shika chupa hii. Inua juu, usishushe mpaka nikwambie."

Sheikhan akainua. Sheikhan ni mtu mpole, hata paka wa sokoni wanamwonea, na hakuna mtu aliyewahi kumwamrisha namna ile isipokuwa mamake. Mkono ukafa ganzi, jasho likamtiririka mpaka kwenye kisugudi cha mkono, naye hakushusha. Mgonjwa alipofumbua macho na kubebwa, Mejumaa aligeuka akamkuta bado amesimama vile vile, mkono juu, chupa tupu.

"Ehe! Bado washika?"

"Hukuniambia nishushe."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka ambalo halina adabu wala kiburi, na tangu hapo Sheikhan hakuwa na lake. Akaanza kupita Ganjoni, alikokaa Mejumaa na shangazi yake, kwa visingizio ambavyo hata shangazi alivionea haya. Mwisho akapeleka posa Ng'ombeni, kwao Mejumaa, na wazee wa kule wakampokea vizuri. Kigingi kilikuwa nyumbani.

"Mke gani huyo yuwakesha barabarani na wanaume?" aliuliza Bi Maisara.

"Ni zamu, mama."

"Zamu ni ya askari."

Mvutano huo uliendelea mpaka Sheikhan akafanya kitu ambacho kila mwenye duka mtaani kwao hukifanya. Mteja akitaka leso ambayo haipo, haambiwi haipo. Huambiwa Jumatatu zaja. Jumatatu ikifika, huambiwa zimekwama bandarini. Basi mama alipomuuliza kwa mara ya mwisho, Sheikhan alijibu kwa ulimi wa dukani: "Ataacha, mama. Fungate ikiisha, ataacha." Bi Maisara akapiga kigelegele, na harusi ikafungwa. Lakini mke si jora la leso, na fungate si Jumatatu ya kupigwa kalenda.

Siku hizi vijana wengi huikata fungate, wakakaa siku mbili kisha wakaenda zao kwenye hoteli za Diani kupigana picha. Bi Maisara hakutaka kuyasikia hayo. Alitaka siku saba kamili, maharusi ndani, chakula kije kwa sinia, na somo awepo wa kumfunza bibi harusi. Desturi fungate hukaliwa kwao mke, lakini kwa kuwa Ng'ombeni ni ng'ambo ya feri, wazee walikubaliana fungate ikaliwe chumba cha juu nyumbani kwa Sheikhan. Somo akaletwa Bi Hafswa, mwanamke aliyewafunda nusu ya wake wa mtaa, ana sauti nene na maneno makali kama achari ya ndimu.

"Mume akirudi, usimpokee kwa habari, mpokee kwa maji," alifundisha Bi Hafswa. "Na mke hatoki mlangoni bila ruhusa ya mumewe."

"Somo," Mejumaa akauliza kwa heshima zote, "na kukiwa na mtu yuwafa huko nje, nimngoje mume atoke dukani?"

Bi Hafswa akajishika kiuno. "Weye mwana weye! Miaka yote nafunda, sijaulizwa hilo."

Sheikhan alikuwa nyuma ya pazia akinywa kahawa, akicheka kimoyomoyo. Lakini cheko lilimkauka pale somo alipoendelea: "Kubwa ni moja. Msifichane. Mficha uchi hazai, na mficha neno hali ndoa." Kahawa ikampalia, wakamsikia akikohoa mpaka wakamwitia maji.

Somo akitoka, Mejumaa naye aligeuka somo. Alikaa kitandani amekunja miguu, macho yanang'aa, mikono ikisema pamoja na mdomo. Alikuwa amengoja sana kupata mtu wa kumwambia maneno yale.

"Sikiza, Sheikhan. Siku nikirudi nimenyamaza, usidhani ni weye. Usiniulize 'una nini' mara kumi. Nipe chai, nikae. Yatatoka yenyewe."

"Na yasipotoka?"

"Nipe chai nyengine."

"Na mimi nikikasirika, kwa kuwa umechelewa, wageni wamekuja na weye hupo?"

"Kasirika! Nani kakukataza? Lakini niambie umekasirika. Mume wa Rispah, yule mwenzangu wa kazini, alikaa akitabasamu. Kila akichelewa, tabasamu. Kumbe moyoni yuwapanga virago. Mimi tabasamu silitaki, nataka maneno." Kisha akamshika mkono. "Wengi walitaka kunioa, Sheikhan, na wote walianza na 'ukiolewa utaacha, sivyo?' Weye peke yako hukuniuliza. Ndiyo sababu nilikukubali."

Hebu fikiria alivyojisikia maskini. Alitamani godoro lifunguke limmeze. Alijaribu kusema siku hiyo hiyo, sinia la mahamri likaingia. Akajaribu tena kesho yake, adhana ikaadhinwa. Mara nyengine alipata nafasi safi kabisa, mlango umefungwa, nyumba kimya.

"Mejumaa, kuna neno nataka kukwambia."

"Sema," akamtazama kwa macho yale yale ya kuamini.

"Hiyo hina yakupendeza."

Hina! Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, neno la ndoa yake liko ulimini na yeye yuwataja hina.

Ikabaki siku moja. Kesho yake kungekuwa na karamu ya kutolea fungate, jamaa wa Ng'ombeni wangevuka, na baada ya karamu Bi Maisara angedai chake. Tangu asubuhi uchochoro wa chini ulikuwa umechangamka. Msimamizi alikuwa Mjomba Awadh, kaka wa Bi Maisara, ambaye hakuna harusi mtaani inayopikwa bila ya yeye kupiga kelele. Alifunga turubai kutoka ukuta hadi ukuta. Akapanga viti juu ya viti. Akawasha meko matatu katikati ya njia na kuteleka masufuria ya biriani ya wageni wa kwanza, kila moja lingemtosha mtu kuogea. Njia yenyewe ni ile ambayo mikokoteni miwili haipishani. Hakuna aliyeuliza mtu atapita wapi, kwani mtaa una desturi hiyo: harusi ikija njia hufungwa, na asiyependa azunguke. Hata wasioalikwa huzunguka bila kununa, maana kesho ni zamu yao kufunga.

Juu, Mejumaa alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, hina mbichi imepakwa mpaka kwenye viwiko na vifundo, ameagizwa asiguse kitu. Hapo ndipo ulipokuja ukelele kutoka chini.

Chumba cha uani alipanga Beryl, msusi, mwanamke wa bara mcheshi sana, na mumewe kibarua wa bandarini. Mimba yake ilikuwa ya mwezi wa mwisho lakini siku zake hazijafika. Mumewe alikuwa zamuni. Ukelele wa pili ukaja, wanawake wa jikoni wakaanza kuitana. Mmoja akapiga simu ya ambulensi. Punde mwengine akaja mbio kutoka barabarani na habari: ambulensi imefika Ndia Kuu lakini wahudumu wake hawapiti, uchochoro wote ni moto, viti na turubai.

Mejumaa alikaza sikio. Ukelele wa tatu ulipokuja alikuwa keshasimama.

"Mtoto yuwaja," akasema. "Si wa kungoja huyo."

Alitembea kwa visigino hatua ya kwanza ili hina isichafuke, kisha akasahau hina. Mlangoni akamkuta Bi Hafswa amepanua mikono kama kipa.

"Bibi harusi hatoki fungateni! Na hina mbichi! Wataka tusemweje?"

"Wakunga wamejaa mji mzima!" Bi Maisara naye akaongeza kutoka kwenye ngazi. "Rudi ndani, mwanangu. Hiyo tena si kazi yako."

Mejumaa hakumsukuma mtu mzima. Aligeuka akamtazama mumewe.

"Sheikhan, mlango."

Wanawake watatu wakamtazama kwa pamoja. Sheikhan akamwendea Bi Hafswa, akamshika mabega yote mawili kwa uangalifu kama anayehamisha kabati la vioo, akamweka kando. "Niwie radhi, somo," akasema, akaufungua mlango wote. Mejumaa akashuka ngazi mbili mbili, na kila kipandio cheupe cha nyumba ile kikapata alama ya wayo wa hina.

"Mkoba wangu! Uvunguni!"

Ule mkoba Bi Maisara aliushangaa tangu siku ya kwanza, mkoba wa kazi chumba cha harusi, lakini sasa ulishuka mbio mikononi mwa Sheikhan. Mejumaa alikuwa keshajisugua kwa sabuni kwenye bomba la uani, hina inamwagika nyekundu, nusu imetoka, nusu imekataa. Akavaa glavu. "Leso!" akaita. Sheikhan akapanda tena, akarudi na rundo la leso mpya za harusi, doti kwa doti. Mejumaa alizigusa akazirusha nje.

"Mpya hazinywi maji, na weye ndiye muuzaji! Lete kuukuu!"

Kweli, leso mpya ina wanga, ni ngumu kama karatasi. Sheikhan alisimama amepigwa bumbuwazi, na Bi Maisara, ambaye alikuwa amefuata chini ili kugomba, akajikuta anavua leso yake ya mabegani, ya miaka mingi, laini kwa kufuliwa, anaitoa. Mejumaa aliipokea kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamvuta mkwewe ndani ya pazia.

"Mama, shika taa ya simu hii. Hapa pana giza. Sheikhan, njia! Nataka oksijeni, nataka machela. Nenda!"

Sheikhan akatoka uchochoroni. Sikilizeni, mtu huyu alikuwa hajapandisha sauti tangu kuzaliwa. Dukani hata mwizi alimwambia "tafadhali". Alimkuta Mjomba Awadh amesimama mbele ya masufuria na mwiko, kama anayelinda benki.

"Mjomba, epua."

"Niepue? Biriani halijaiva! Watu watakula nini?"

"Watakula mkate! Epua, nasema! EPUA!"

Sauti ile ilimshtua hata mwenyewe. Mtaa mzima ukageuka. Sheikhan akapachika kanzu yake ya harusi kiunoni, akashika sikio la sufuria kwa kofia yake iliyodariziwa vito, hamali mmoja akashika upande wa pili, likanyanyuka, mchuzi ukimwagika, likatupwa barazani. La pili. La tatu. Vikafuata viti, vikipitishwa mkono kwa mkono mpaka ndani ya nyumba za watu, bila hodi. Wazee waliokuwa wakicheza bao waliokota ubao wao wakakimbia nao. Sheikhan akapanda juu ya jiwe la baraza, akakata kamba ya turubai kwa kisu cha nyama, nalo likaporomoka juu ya Mjomba Awadh, ambaye aliendelea kutukana akiwa ndani yake. Ndoo za maji zikamwagwa mekoni, moshi ukatanda, na katikati ya moshi huo akatokea Wekesa, mhudumu mwenzake Mejumaa, anaruka vijinga vya moto na machela begani, dereva nyuma yake na mtungi wa oksijeni.

"Nani yuko na mgonjwa?" Wekesa akauliza huku akikimbia.

"Mejumaa."

"Mejumaa si yuko fungate?"

"Alikuwa!"

Sheikhan alisimama nje ya pazia la chumba cha Beryl, jivu usoni, akihema. Aliyasikia yote. Alisikia sauti ya mkewe, na haikuwa ile ya kitandani wala ya mabishano. Ilikuwa ya chini, tulivu, inayojua inakokwenda. "Vizuri, Beryl, mamangu. Pumua. Usisukume sasa. Ngoja. Ngoja." Kisha kwa mwengine: "Mama, inua taa."

"Mkono wauma, mwanangu."

"Usishushe, mama."

"Sishushi."

Kisha, kwa Wekesa, haraka: "Kitovu kimemzonga mtoto shingoni. Nakitoa. Nimekitoa. Haya Beryl, sasa!"

Halafu kimya. Kimya ambacho mtaa mzima ulikisikia, hata Mjomba Awadh alinyamaza turubaini. Sheikhan alisikia leso ikisugua, sugua, sugua, na akajikuta anaomba dua zote alizozijua, hata ya kusafiria. Alielewa wakati huo, na ikamwuma, kwamba mke wake huishi ndani ya kimya kile kila wiki, anakibeba, anarudi nacho nyumbani, na yeye amekwenda kuahidi kumvua kazi ile kama anayemvua mtu kofia.

Mtoto akalia.

Alilia kwa hasira, kwa nguvu, kama aliyekerwa na kuchelewa kwao. Kigelegele cha kwanza kilitoka ndani ya pazia, nacho kilikuwa cha Bi Maisara. Kikadakwa na wanawake wa ngazini, kikapanda madirishani, kikavuka uchochoro, kikashuka upande wa pili, mpaka watu wa Ndia Kuu wasiojua lolote wakapiga vyao. Bi Hafswa alikuwa analia na kucheka, ameketi kwenye kipandio chenye hina.

Machela ikatoka, Beryl juu yake na mwanawe kifuani, amefungwa leso ya Bi Maisara. Mejumaa akafuata nyuma, jasho, damu na hina, uso unang'aa. Watu wakampisha wakimshangilia. Na Bi Maisara, kwa furaha tu, wallahi hakuwa na nia mbaya, akasimama barazani akapaza sauti mbele ya mtaa wote:

"Alhamdulillahi! Mumemuona mkaza mwanangu! Mungu kamkhitimishia kazi yake kwa kheri. Kesho fungate yaisha, na mwanangu keshaniahidi, hatoki tena. Atakaa kwake apumzike!"

Mejumaa alisimama.

"Ahadi gani?" akauliza.

Macho yote yakamhamia Sheikhan, na Sheikhan akayaona macho ya mkewe yakibadilika, ile imani ikitoka ndani yake kidogo kidogo. Angeweza kusema ni utani. Angeweza kusema tutazungumza ndani. Ulimi wa dukani ulikuwa tayari na maneno mengi mazuri.

"Nilimwahidi mama kwamba utaacha kazi," akasema. "Kabla ya harusi. Sikukwambia, nilikuogopa. Na mama, nawe nilikuogopa, nikakupa kitu kisicho changu. Naomba radhi. Hatoacha kazi. Na si kwa sababu ya mtoto huyu. Hata mtoto huyu angekufa leo, kazi ni yake, si yangu kuitoa."

Bi Maisara alishika mdomo. Sheikhan alimngoja Mejumaa aseme neno, lolote, hata tusi.

"Twende, Wekesa," akasema Mejumaa. Akashika machela upande mmoja, akapita mbele ya mumewe bila kugeuza shingo. Dakika si nyingi king'ora kikasikika kikiondoka, na bibi harusi ndani ya ambulensi.

Sheikhan akapanda juu akakaa chumba cha harusi peke yake, kati ya mito ya hariri na sinia la chakula ambacho hakukigusa. Hakujua kama mkewe angerudi kwake au angepitiliza Ganjoni kwa shangazi. Alistahili lolote, na alijua. Alipata hata kulia kidogo. Baadaye mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Maisara, akaketi pembeni ya kitanda huku anajikanda bega.

"Umeniaibisha mbele za watu," akasema.

"Najua, mama."

"Mkono wauma mpaka sasa. Nilimwambia wauma, akaniambia usishushe." Akatikisa kichwa, na mdomo wake ukataka kucheka ukakataa. "Kazi ile siipendi, Sheikhan. Na sitaipenda." Kisha akasukuma mbele yake hotipoti iliyofungwa kitambaa. "Lakini yule mkeo hajala tangu asubuhi. Wangojani?"

Sheikhan alikwenda kwa miguu, mbio mbio, katika kanzu iliyotapakaa masizi. Alimkuta Mejumaa nje ya hospitali, ameketi kwenye kipandio cha nyuma cha ambulensi, amevaa koti la kazi la Wekesa juu ya deraa la harusi. Beryl na mtoto walikuwa salama ndani, mumewe keshafika. Mejumaa hakuipokea hotipoti.

"Ungeniambia lini?"

Sheikhan alitaka kusema leo. Alitaka sana. "Sijui," akasema. "Pengine siku mama angekuja kukudai."

"Na ungedhani nitaacha?"

"La. Ungeniacha mimi."

"Ndiyo," akasema Mejumaa, bila hasira, na ikauma zaidi. "Mwoga naweza kukaa naye, Sheikhan. Sote ni waoga, hata mimi leo. Lakini kutolewa ahadi nyuma ya mgongo wangu, siwezi. Mara moja nimekusikia. Ya pili hutoniona."

"Nimeelewa."

Mejumaa akaivuta hotipoti, akafungua, akatia tonge mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Biriani gani hili? Mchele mbichi!"

"Nililiepua mapema."

Cheko lilimtoka kwa ghafla, yeye mwenyewe hakulitaka, wali ukamruka. Akamsogezea nafasi kwenye kipandio. Wakala pamoja ule mchele mgumu mpaka Wekesa naye akaja, akatia mkono, akasema amekula vibaya zaidi ya hapo. Hawajamaliza, redio ya gari ikaita: tuktuk na pikipiki zimegongana, majeruhi wawili. Wekesa akafuta mkono. Alikuwa na dereva tu, Rispah alikuwa na homa. Wekesa akamtazama Mejumaa, na Mejumaa akamtazama Sheikhan. Hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa anataka kuona kama atatabasamu au atasema.

"Nimekasirika," akasema Sheikhan. "Ni siku yetu ya mwisho, nawe waenda. Nimekasirika kweli kweli. Nenda."

Mejumaa alimshika shavu kwa kiganja chenye hina iliyovurugika, akaruka ndani ya gari. Mlango ukafungwa, king'ora kikalia, na moyo wa Sheikhan ukaruka nacho kama mwari anayesikia ngoma mara ya kwanza.

Akarudi kwa njia ya Biashara Street, hotipoti tupu kwapani, kanzu nyeusi kwa masizi. Wenye maduka walitoka vibarazani. Bwana harusi njiani na fungate haijesha! Jirani yake wa duka akaweka chini futi yake ya kupimia.

"Sheikhan! Salama? Mbona uko nje? Bibi harusi yuwapi?"

Sheikhan alisimama katikati ya njia. Wateja nao wakasimama, leso mikononi, wakimngoja.

"Yuko kazini," akasema.

"Wapi?"

"Kazini! Mke wangu yuko kazini!"

Wakacheka, wengine wakapiga makofi, duka la mbele wakauliza kuna nini, naye akawajibu. Aliulizwa tena na tena mpaka mwisho wa mtaa, na kila mara alijibu kwa sauti kubwa kuliko ya mwanzo.